Alikula chumvi nyingi, lakini alikuwa rafiki yangu

Swali la msomaji: "Kwa miaka sita nilikuwa na rafiki aliyenizidi umri kwa karibu nusu karne. Alikuwa jirani yangu, muuguzi mstaafu, na alifariki miezi minne iliyopita akiwa na miaka 82. Kila Jumamosi jioni tulicheza drafti na kupiga soga mpaka giza linaingia. Alipoona nafasi ya kula kete zangu tatu kwa mpigo, kwanza alivua miwani, akaifuta taratibu, akairudisha, ndipo akala. Hakuniachia nishinde hata siku moja. Sasa kila ninayemweleza ananiambia bibi yule alikula chumvi nyingi, nishukuru hakuteseka. Kazini sikuomba ruhusa, maana ningesema nimefiwa na nani? Jumamosi yake ya mwisho sikwenda, nilikuwa nimechoka tu. Kwenye simu nina ujumbe wake wa sauti ambao siwezi kuusikiliza wala kuufuta. Hadithi zake nimeanza kuzichanganya. Watoto wake wananijua kwa sura tu. Je, huzuni yangu imepita kiasi? Na nimkumbuke vipi mtu ambaye si wangu?"

Pole sana, ndugu yangu. Naanza na maneno yako ya mwisho, kwa sababu naona ndiyo yanayokuumiza kuliko yote: "mtu ambaye si wangu." Alikuwa wako. Hamkuchangia damu wala ukoo, lakini miaka sita ya Jumamosi si jambo la kupita njia. Umefiwa na rafiki. Ukiulizwa kazini, jibu ndilo hilo, na halihitaji nyongeza.

Hali uliyo nayo inajulikana katika taaluma yetu. Mwaka 1989 Mmarekani Kenneth Doka, mtaalamu wa masuala ya uzee na kifo, alieleza kuhusu huzuni ambayo jamii haiipi nafasi: mtu amepoteza kweli, lakini hawezi kuomboleza hadharani, na hakuna anayemletea pole. Alitaja sababu kadhaa. Wakati mwingine uhusiano wenyewe hautambuliwi. Wakati mwingine watu hawaoni kwamba kuna kitu kilichopotea. Wewe umepigwa na yote mawili kwa pamoja: urafiki hauna cheo msibani, na kifo cha mtu wa miaka 82 huhesabiwa kuwa jambo lililotarajiwa, kwa hiyo jepesi.

Sisemi wanaokuambia alikula chumvi nyingi wana nia mbaya. Wanakufariji kwa maneno waliyonayo, na kuna ukweli ndani yake, kwani aliishi, alifanya kazi yake, alilea watoto. Ila maneno hayo yanazungumzia maisha yake. Hayagusi pengo lililobaki kwako. Umri wa marehemu unatueleza aliishi muda gani, haupimi alikuwa nani kwa aliyebaki. Kuna kitu kingine kimejificha humo, na mimi hakinipendezi hata kidogo, nacho ni dhana kwamba mzee tayari yuko nusu nje ya dunia, kwa hiyo akiondoka hapotei mtu mzima. Mwaka 1969 daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Robert Butler, aliipa dhana ya namna hii jina lake, ubaguzi wa umri, na tangu hapo haijaisha. Unapoambiwa usisikitike sana kwa sababu alikuwa mzee, unaombwa ukubali kwamba aliyekuwa akikufunga drafti kila wiki alikuwa wa thamani ndogo kuliko kijana. Usikubali.

Sasa nikueleze jambo ambalo ningependa ulishike kuliko mengine yote katika jibu hili. Watu wengi walio na marafiki wazee huamini, hata kama hawasemi, kwamba wao ndio waliokuwa wakitoa. Nilimtembelea, nilimchangamsha, nilimpunguzia upweke. Mzee akifariki, hujiona kama mtu aliyekuwa akijitolea, na mtu wa kujitolea anaona haya kulia kuwazidi wenye msiba. Utafiti unatuonyesha picha tofauti. Laura Carstensen, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, ameutumia muda mrefu kuchunguza kwa nini watu wakizeeka hupunguza idadi ya watu walio karibu nao. Maelezo yaliyozoeleka zamani yalikuwa kwamba wazee huachwa. Wengine kweli huachwa, na hilo ni jambo la kusikitisha. Lakini alichokiona yeye ni kwamba wengi hupunguza wenyewe, kwa makusudi. Mtu anapohisi muda uliobaki si mwingi, huacha urafiki wa kujuana juu juu na kubaki na wale wachache ambao kukaa nao kuna maana kwake.

Hebu itazame Jumamosi yenu kwa jicho hilo. Bibi wa zaidi ya miaka 75 ana haki zote za kusema amechoka, kichwa kinamuuma, njoo wiki ijayo. Hakusema. Alipanga kete. Alikuchagua, katika umri ambao mtu hana tena jioni za kupoteza. Na hakukuachia ushinde. Mgeni wa heshima huachiwa ashinde, mtoto huachiwa ashinde. Wewe alikuchukulia kama mwenzake. Katika urafiki wa watu waliopishana umri kiasi hicho, sidhani kama kuna zawadi kubwa kuliko hiyo, na nadhani ndiyo hasa unayoililia. Kuna watu wengi wa kutushauri, na wachache sana wenye miaka 82 wanaotufunga drafti bila huruma.

Kuhusu hadithi zake kuchanganyika, ningekuomba usisubiri, hata kama bado inauma. Kumbukumbu haikai kama ilivyowekwa. Mwaka 1932 Frederic Bartlett, mwanasaikolojia Mwingereza, alichapisha matokeo ya majaribio ambamo aliwapa wasomaji wa Uingereza hadithi ya watu wa asili wa Amerika Kaskazini, kisha akawataka waisimulie tena na tena baada ya muda. Kila waliporudia, hadithi ilizidi kufanana na wao. Mambo ya kigeni kwao yalianguka, mengine yakageuzwa kuwa ya kawaida, na hakuna aliyekusudia kudanganya. Hadithi za rafiki yako zitapata mkasa huo huo kichwani mwako. Baada ya miaka michache utakuwa unamsimulia bibi anayezungumza kama wewe.

Kwa hiyo andika, tena andika vitu vidogo. Usijaribu kuandika maisha yake. Hiyo ni kazi kubwa, huna habari zote, na utaishia kwenye maneno ya tanzia: alikuwa mcheshi, mkarimu, mwenye busara. Maneno hayo humfaa marehemu yeyote. Katika barua yako kuna sentensi moja tu ambayo hakuna marehemu mwingine anayeweza kuivaa, nayo ni ile ya miwani. Alivua, akafuta taratibu, akairudisha, ndipo akala kete tatu. Nimeisoma mara moja na nimemwona. Anajua ameshinda, anajua nawe umejua, na bado anakuweka roho juu. Tafuta sentensi nyingine za namna hiyo. Akikaribia kufungwa alifanya nini? Alikuitaje? Alikatiza hadithi wapi, na ni hadithi gani hakupenda kuulizwa? Alikosea maneno gani kila mara? Andika usemi wake kama alivyoutamka, usiusahihishe. Palipo na shaka, andika kwamba una shaka. Daftari la kawaida linatosha, kurasa zisizo na mpangilio zinatosha.

Naamini utakuta hadithi nyingi zinatoka kipindi kimoja cha maisha yake, pengine alipokuwa muuguzi kijana, kabla ya ndoa au mwanzoni mwake. Hilo halikutokea kwa bahati. Watu waliovuka umri wa makamo wakiombwa wakumbuke maisha yao, hurudi zaidi kwenye miaka ya kuanzia 10 hadi 30 hivi. Ni jambo lililothibitishwa mara nyingi katika utafiti wa kumbukumbu. Kwa hiyo katika jioni zile ulikuwa unakutana na msichana wa miaka 22 aliyeko zamu ya usiku, na pengine wewe ndiye mtu wa mwisho aliyekutana naye. Butler huyo huyo niliyemtaja, mwaka 1963, aliandika kwamba mzee anaporudia mambo ya kale si lazima akili iwe inamchoka. Mara nyingi anayapitia maisha yake, anayapanga, anatafuta yanasema nini. Kazi hiyo inahitaji msikilizaji. Uliifanya naye bila kujua kwamba ndiyo kazi yenyewe.

Na uandike mabaya yake pia. Najua tumefundishwa marehemu hasemwi vibaya, nami nauheshimu mwiko huo mbele za watu. Lakini daftari lako si mkutano wa hadhara. Kama alikuwa na kiburi, kama alimsema jirani mwingine kwa ukali usiostahili, kama siku moja alikuudhi ukarudi nyumbani umenuna, weka. Ukimgeuza mtakatifu utampoteza mara ya pili, kwa sababu mtakatifu hakuwa rafiki yako.

Ujumbe wa sauti una upande wa moyo na upande wa kazi, na tuanze na kazi kwa kuwa haiwezi kungoja. Simu hupotea, huanguka majini, huharibika. Leo au kesho, bila kuusikiliza, uhamishe ujumbe huo kutoka kwenye programu ya kutumiana ujumbe na uuhifadhi sehemu mbili tofauti, mfano kompyuta na barua pepe yako mwenyewe. Kama mkono unatetemeka, mpe mtu unayemwamini akufanyie. Nakili pia picha na maandishi mliyotumiana. Jambo lingine ambalo watu hawaambiwi ni kwamba laini isiyotumika kwa muda hufungwa, na kampuni za simu huweza kumpa namba hiyo mteja mwingine. Siku moja unaweza kuona jina la rafiki yako kwenye simu likiwa na picha ya mtu usiyemjua, na mshtuko wake ni mkubwa. Ukishahifadhi vitu vyako, badilisha jina la namba hiyo, au uitoe kabisa, kwa wakati wako.

Upande wa moyo: huna sababu ya kuusikiliza sasa, wala huna sababu ya kuufuta kamwe. Zamani wataalamu wangekuambia kinyume. Sigmund Freud, daktari wa Austria aliyeasisi uchanganuzi wa nafsi, katika andiko lake la mwaka 1917, aliona kazi ya maombolezo ni mtu kujitoa taratibu kwa marehemu hadi awe huru. Miaka 12 baadaye, katika siku ambayo binti yake Sophie angetimiza miaka 36 kama asingefariki mwaka 1920, alimwandikia rafiki yake Ludwig Binswanger, aliyekuwa amefiwa na mwanawe. Kwa maneno mengine kabisa, alimwambia kwamba pengo hilo hubaki, na hata likizibwa na kitu kingine, kitu hicho si kile. Mzazi mfiwa alikuwa amejifunza kitu ambacho nadharia yake haikukijua. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani Dennis Klass, Phyllis Silverman na Steven Nickman walikusanya ushahidi kwamba wafiwa wengi hawakati uhusiano na waliokufa. Wanauendeleza kwa sura nyingine, na wengi wao wanaishi vizuri tu. Kwa hiyo ukijikuta unamwambia kitu bibi huyo ukiwa unaosha vyombo, huna wazimu.

Kuhusu zile hatua tano za huzuni ambazo huenda umezisikia, kuanzia kukataa hadi kukubali, ziweke kando. Daktari wa magonjwa ya akili Elisabeth Kübler-Ross alizieleza mwaka 1969 baada ya kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wakikabili kifo chao wenyewe. Si ngazi ambayo mfiwa analazimika kuipanda.

Tufike kwenye Jumamosi ile. Sitakuambia usijilaumu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuacha kujilaumu kwa kuambiwa aache. Nitakuomba uitazame vizuri. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Baruch Fischhoff alionyesha kwamba tukishajua mwisho wa jambo, tunaona kama mwisho huo ulikuwa unaonekana tangu mwanzo. Ndicho kinachokutokea. Leo unaiona kama Jumamosi ya mwisho. Siku ile ilikuwa Jumamosi tu, mojawapo kati ya nyingi, nawe ulikuwa umechoka. Mtu anayemtembelea mgonjwa mahututi akakosa ana jambo moja la kujiuliza. Wewe ulikosa mchezo wa drafti na rafiki ukitegemea wiki ijayo ipo. Ni urafiki uliosimama imara tu unaomruhusu mtu akose siku moja bila kuomba radhi. Kama yeye angekuwa amechoka akalala mapema, ungemhesabia kosa? Kama lipo neno ulilotaka kumwambia, liandike kwenye daftari lile lile, umwelekeze yeye moja kwa moja, kwa jina ulilokuwa ukimwita.

Jumamosi zinazokuja zipange. Watafiti wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, walieleza mwaka 1999 kwamba mfiwa anayeendelea vizuri huenda na kurudi: anaigeukia huzuni, kisha anaigeukia shughuli ya kuishi, kisha anarudi tena. Anayekaa upande mmoja tu, wa kulia muda wote au wa kukimbia muda wote, ndiye anayekwama. Basi baadhi ya Jumamosi keti na daftari, na nyingine toka, nenda kwa watu. Usijilazimishe kutafuta mzee mwingine wa kucheza naye ili kujaza kiti. Akitokea, mkaribishe kama mtu mpya, mwenye hila zake mwenyewe za mchezo.

Umeuliza kama huzuni imepita kiasi. Kwa uliyoniandikia, hapana. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika Januari 2022 unatambua hali ya huzuni iliyoganda, lakini hauifikirii kabla ya miezi 6 kupita, na mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unasubiri miezi 12 kwa mtu mzima. Tena muda pekee hautoshi. Kinachoangaliwa ni kama hamu ya marehemu inakuandama karibu kila siku kwa ukali ule ule hadi kazi, usingizi na mahusiano vinavunjika. Ukiona unaelekea huko, tafuta mshauri nasaha, na umwambie waziwazi kwamba umefiwa na rafiki. Ukipata mawazo ya kutotaka kuishi, usingoje miezi yoyote: nenda hospitali au mwambie mtu wa karibu siku hiyo hiyo.

Limebaki suala la watoto wake, ambalo naona unaliogopa bure. Unadhani ukiwaendea utakuwa unadai sehemu ya msiba usio wako. Nenda umebeba kitu. Wao wanamjua mama, na mama kwa watoto wake huwa ana sura chache: aliyelea, aliyekaripia, aliyehitaji kupelekwa kwa daktari. Mchezaji wa drafti anayefuta miwani kabla ya kukumaliza, huenda hawajawahi kukutana naye. Waandikie barua fupi. Mathalani: "Mimi ni jirani wa mama. Kwa miaka sita tulicheza drafti kila Jumamosi, na sikuwahi kumshinda. Nilijifunza mengi kwake na ninamkosa. Nimeandika baadhi ya mambo aliyonisimulia kuhusu miaka yake ya uuguzi. Kama mngependa kuyasoma, nitafurahi kuwapa nakala." Usitaje siri yoyote aliyokuambia kwa kuaminiana. Kama kulikuwa na neno juu ya mmoja wao, libaki kwako milele. Usiombe kitu chochote katika barua hiyo, wala usieleze sana jinsi unavyoumia, kwa sababu watajiona wanatakiwa kukufariji nao wana mzigo wao.

Huenda wasijibu. Watu waliofiwa na mzazi wana makaratasi, mirathi, na nyumba ya kusafisha, na kimya chao hakitakuwa kwa ajili yako. Wakijibu, peleka nakala uliyoandika vizuri, na uwe tayari kusikia kwao mambo usiyoyajua, mengine hata yasiyolingana na picha uliyo nayo. Wakikuuliza kama kuna kitu ungependa kubaki nacho, usione haya kusema: omba ubao wa drafti na kete zake. Ikiwa mmoja wao ameshauchukua, muulize kama anajua kucheza.